Wale Niliowaita Watoro

Mjukuu wangu Koku,

Huku Izigo tu wazima. Babu yako ameanika kahawa na anashinda akigombana na kuku.

Umeniuliza kama zahanati inaweza kujifunza, maana huko Mwanza mnazitengenezea kompyuta. Nilipokuwa muuguzi kijana tulichanja watoto kila Jumatano. Kuna Jumatano kadhaa walikuja watatu tu, nami nikaandika "mtoro" kwa wino mwekundu daftarini, mbele ya majina ya wengine. Mama mmoja nilimfokea mbele ya wenzake. Nikikutana naye kanisani bado naona aibu.

Siku moja mfagizi wetu, asiyejua kusoma, aliuliza ule wekundu unasema nini. Nikamsomea tarehe.

"Hiyo tulikuwa na msiba," akasema. "Na hiyo pia. Sista, nani anaenda kliniki kabla ya kuzika?"

Mila hiyo niliijua tangu utoto, Koku, lakini nilikuwa nikishika daftari naisahau. Tangu hapo, pakiwa na msiba tulichanja kesho yake, na watoto waliletwa.

Sasa nami nikuulize: kwenye hiyo kompyuta yenu, mfagizi anaulizwa wapi?

Bibi yako