Ile Programu Niliyodhani Nimeiondoa

Kariakoo, Alhamisi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuvimba, na mahindi mmeshayaingiza ndani. Mimi mzima.

Unajua kazi yangu dukani ni kuchapa, na siku hizi vinavyochapwa zaidi ni vijitabu vya mazishi. Leo asubuhi alikuja mama mmoja aliyefiwa na dada yake. Gari la kupeleka mwili Rombo lilikuwa liondoke saa tisa mchana. Alikaa ubavuni kwangu akinitajia maisha ya marehemu kutoka kichwani, nami nikiandika moja kwa moja kwenye kompyuta: alikozaliwa, watoto aliowalea bila kuwazaa, sauti aliyoimba kwenye kwaya. Akalia, tukasimama, tukaendelea. Kisha akaniachia flashi yenye picha, akaenda hospitali kuuvalisha mwili.

Nilipochomeka ile flashi, kompyuta ikatoa onyo jekundu la virusi. Programu yetu ya kuzuia virusi ilikuwa imeisha muda siku nyingi. Nikaogopa, nikakimbilia duka la jirani, wakanipa nyingine mpya na kuniambia niondoe kwanza ile ya zamani. Nikafuta alama yake pale kwenye skrini, nikaona imetoka, nikaweka mpya. Kila hatua niliiandika kwenye daftari langu pamoja na saa, kama kawaida yangu.

Nilipoiwasha upya, kompyuta haikufunguka. Skrini nyeusi, na kiduara kinazunguka tu. Nikazima, nikawasha. Vilevile.

Tajiri wetu, tunayemwita Mangi, akauliza nimegusa nini. Nikasema sijagusa kitu. Aliyekuwa hapa kabla yangu alifukuzwa kwa kuharibu printa.

Akampigia simu Shabani, fundi wetu wa kompyuta, naye alichelewa kwa kuwa maji ya mvua yalifunga barabara Jangwani. Alifika saa saba na nusu, suruali kaikunja hadi magotini. Akatazama mara moja.

"Mangi, hii ni ya kupiga window. Nusu saa tu unapata mashine mpya."

Mafundi wengi hapa mjini dawa yao ndiyo hiyo: wanafuta kila kitu kilichomo, wanaanza upya. Mangi akamwambia apige.

Marehemu alikuwa humo ndani, Mama. Hapakuwa na nakala nyingine, na dada yake asingeweza kuyasema tena yale yote. Fundi alishaanza kufungua begi. Nikampa daftari.

Akasoma kwa sauti: "Saa nne na robo. Nimefuta alama ya ile ya zamani. Nimeweka mpya." Akacheka. "Dada, umebandua kibao cha mlangoni, mpangaji mwenyewe yumo ndani. Umemwingizia mwenzake, sasa wanakabana."

Mangi hakucheka.

Fundi akaiwasha kwa namna ya kuamsha vitu vichache tu, akaziondoa programu zote mbili kutoka kwenye orodha, akasafisha na mabaki ya ile ya zamani, akazima na kuwasha tena. Ndipo akaweka mpya, peke yake. Kompyuta ikafunguka, na virusi vya ile flashi vikasafishwa. Maandishi yalikuwepo yote, hadi ile koma niliyoiweka yule mama alipoanza kulia.

Vijitabu vilitoka vikiwa bado vya moto. Nilimpa yule mama mwenyewe kwenye dirisha la gari. Akafungua kimoja, akasoma kidogo, akanishika shavu. Hakujua lolote.

Jioni Mangi alifunga duka. Akasema tu, "Kesho uje na hilo daftari."

Sijui anataka kulisoma au ananiachisha kazi. Ninalo hapa magotini. Ukurasa ule ungechanika kirahisi, nimeushika mara mbili. Sijauchana. Nimeongeza mstari mmoja uliokuwa umekosekana: saa tano kamili, nimemdanganya Mangi.

Nisalimie bibi, na baba mdogo anayekuchotea maji, na mdogo wangu wa mwisho. Mwambie viatu vyake nimeshavipata. Tunafungua saa mbili asubuhi. Saa hiyo unikumbuke kwenye sala.

Mwanao,
Editha