Kipimo cha Kidole

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ajabu! Video ya mashine yangu ya kubangua karanga imetazamwa na watu elfu arobaini. Sijawahi hata kuwaza watu elfu arobaini. Mama mdogo Annonciata ndiye aliyeirekodi, hapa hapa karakana, nikimbangulia karanga zake za kuuza sokoni. Sauti yake inasikika ananigombeza nisizivunje, hakuna anayenunua zilizovunjika. Haikuvunjika hata moja!

Jumanne, 10 Juni

Kaniandikia kaka mmoja wa Dar, Kelvin. Wana karakana ya ubunifu huko. Anaomba picha za mashine pande zote. Nimepiga kumi na nne, nikatuma. Bando kwisha.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbili tu! Kelvin kanitumia mchoro — si wa karatasi. Ni mashine yangu yenyewe ndani ya simu, ukiigusa inageuka. Nimeiona kwa chini. Mimi niliyeichomelea miezi minane, kwa bati la pipa na spoku za baiskeli, sijawahi kuiona hivyo. Nzuri jamani! Nilikaa juu ya ndoo nikaigeuza mpaka chaji ikaisha. Mama mdogo kasema nina uso wa mtu aliyeletewa posa.

Jumamosi, 14 Juni

Wameshaitengeneza ya kwao. Wana mashine ya leza, inakata chuma kama kisu kwenye sabuni. Dakika tisa! Mimi kazi ile ile nilipiga msumeno wiki nzima. Nimeangalia video waliyotuma mara sita. Nimefurahi na nimeumia. Beringi mimi naagiza Mbeya, nangoja basi. Wao wanavuka barabara tu, wananunua.

Kuna shindano la wabunifu, linafungwa Ijumaa. Wakishinda, zinatengenezwa mashine mia tano. Huko huko Dar. Jina langu litaandikwa, kasema Kelvin.

Mia tano! Na hapa Mpanda je? Akina mama wa vijiji vya Kakese na Litapunga wanabangua kwa mikono mpaka kucha zinauma. Nataka zifungwe hapa, vipande viunganishwe na mafundi wa hapa. Hata hamsini.

Jumatano, 18 Juni

Ya kwao inavunja karanga! Kelvin katuma picha, chenga tupu. Tatizo ni nafasi kati ya ngoma inayozunguka na wavu. Wamejaribu vipimo vyote. Kauliza, dada, ni milimita ngapi?

Nimecheka peke yangu. Sijui! Sijawahi kupima. Naingiza kidole changu cha mwisho cha kushoto. Juu kipite mpaka kifundo cha pili, chini ncha tu, kwa kubana kidogo. Hapo nakaza nati.

Mitambo yote ile, inasubiri kidole kilichoko Mpanda. Nimekitoa nje juani nikakiangalia. Kina grisi na kovu la msumeno. Nimeshangaa kama nakiona leo.

Mama mdogo hakucheka. Kauliza: nikishawapa kipimo, watanitafuta tena kwa lipi?

Ijumaa, 20 Juni

Saa tisa alasiri. Niko na Kelvin kwenye video. Nyuma yake watu sita na ile leza — inang'aa! Fomu inafungwa saa kumi. Jana nilimwambia kipimo changu ni kidole. Kaomba kwa heshima kabisa: "Dada Dina, weka kidole kwenye rula tukione, tumalize."

Sijui nguvu nimetoa wapi. Nimemwambia, "Kateni vyuma huko, hiyo leza siiwezi. Ila mashine zifungwe Mpanda, na mafundi wa hapa, mimi nikiwafundisha. Andikeni hivyo kwenye fomu, nione. Ndipo nipime."

Uso wake umeganda kwenye kioo, mdomo wazi. Mtandao? Au kanisikia? Mama mdogo kainua simu juu kuelekea mnara, hapumui. Rula iko mezani. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeuficha kwenye mfuko wa ovaroli.