Saa Tisa Hadi Saa Kumi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako mkubwa, ambaye siku hizi hata kalamu humlemea. Natumaini barua hii itakukuta mzima, macho yako yanazidi kupata nuru tangu ulipofunguliwa bandeji, na cherehani yako imeacha vituko. Nilisikia kwamba mkanda wake ulikatika ukaufunga kwa kamba ya kiatu, ukamaliza sare za shule za watu bila mtu kujua. Nilicheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kikohozi kimenishika.

Mimi ningali hapa kitandani, nimegeuzwa uso kuelekea dirishani kama mmea wa kwenye kopo. Miguu imevimba hadi magotini, na moyo, kwa maneno ya daktari, umechoka kazi. Nilimuuliza kama nijipangie majuma au miezi, naye akatazama nje. Nilifundisha miaka thelathini na saba, mdogo wangu. Najua maana ya mtu kutazama nje unapomuuliza swali. Usishtuke. Nina miaka themanini na miwili, sikuonewa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati kila Jumamosi unakuja na kuketi hapa karibu na kichwa changu. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo Jumamosi nne mfululizo. Kila nikianza, unaniambia nisijichoshe, unaniwekea sawa mto, nami nanyamaza upesi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Kwa hiyo naandika, mistari michache kila asubuhi kabla nguvu hazijaniishia. Ukiona mwandiko umepinda, ujue hapo nililala kidogo.

Jambo lenyewe lilianza na muuguzi. Ni mama wa makamo, ana mikono ya kubeba magunia na ulimi usio na pazia. Akimaliza kuniogesha husema nimependeza, kilichobaki ni kutafuta bibi harusi kipofu. Wiki tano zilizopita alinikuta nimekasirika, akataka kujua nani kanichokoza. Nikamwambia ukweli: kila asubuhi najaribu kuomba na siwezi. Naanza Baba Yetu, nikifika kwenye mkate wa kila siku nimekwisha sinzia. Nazinduka sijui niliishia wapi, naanza upya, napotea tena. Mimi niliyekuwa nikisimama mbele ya kanisa zima nikaomba robo saa bila kurudia neno! Wewe mwenyewe ulikuwa ukininong'oneza kwamba nampigia Mungu hotuba ya kufunga mwaka.

Muuguzi alicheka. Akasema yeye hajafika kwenye Amina tangu alipoanza kazi hii; kila siku humalizia usingizini, na hana wasiwasi, maana mtoto akilala huku anazungumza, mama yake hamwamshi ili amalizie sentensi. Kisha akainua mguu wangu aupanguse. Nikageukia ukutani nikalia. Maskini, alidhani ameniumiza mguu, akaniomba radhi mpaka saa sita.

Haukuwa mguu. Alikuwa amenionyesha, bila kujua, kwamba kwa miaka thelathini na minne nimejutia kosa dogo ili nisilitazame kubwa.

Sasa unistahimilie, nataka kumtaja Chiriku, mwanao.

Jina hilo hatulitamki, mimi na wewe. Tunalizunguka kama watu wanaozunguka shimo katikati ya sebule. Lakini mimi namsikia bado. Alikuwa na miaka minane na maneno ya mtu wa themanini. Alinitazama siku moja nikisahihisha mitihani, akaniuliza kama wanafunzi wangu wanakosa makusudi ili nisikose kazi. Alipougua ile homa ya uti wa mgongo, kitu kilichotutisha kuliko vyote kilikuwa kimya chake.

Mlilazwa siku ya Jumatano. Alhamisi saa nne asubuhi kanisa likaanza zamu za maombi: saa sabini na mbili bila kukatika, mtu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja saa yake, katika kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu chenye benchi, mkeka na saa ya ukutani. Mezani liliwekwa daftari. Ukimaliza saa yako unaandika jina lako na kutia sahihi. Aliyesimamia zamu alikuwa yule mama mjane aliyefagia kanisa. Hakujua kuandika, yeye mwenyewe alitia alama ya msalaba, na jina lake aliandikiwa na mwingine. Kwa nafasi yangu ya mzee wa kanisa, na mjomba wa mtoto, nilipewa Ijumaa, saa tisa alasiri hadi saa kumi.

Nadhani unakumbuka kwamba Jumatano na Alhamisi nilikesha nawe pale wodini, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ijumaa asubuhi nikaenda kufundisha. Mchana nikarudi, ukaniona ninavyoyumba, ukaniambia niende nyumbani nikalale. Nikakujibu kwamba nina saa yangu. Ukanishika mkono, ukasema, "Kaka, hiyo yako ndiyo ninayoitegemea."

Nilifika kanisani dakika kumi kabla ya saa tisa. Mama mjane alikuwa mlangoni. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Mwalimu, macho yamekuingia ndani kama ya maiti. Nenda kalale. Saa yako nitaomba mimi, na inayofuata ni yangu hata hivyo."

Ningesema tu ndiyo, Mama, nimechoka. Maneno matatu. Lakini nilimwangalia, kanga mbovu, ufagio mkononi, nikajiona mimi ni mzee wa kanisa, msomi, mjomba, ambaye sala zake watu huja kuzisikiliza. Nikamwambia kwa sauti ya darasani kwamba kuna mizigo ambayo mtu hawezi kumtwika mwingine. Akajibu, "Haya baba, jikaze." Akasogea pembeni.

Nilipiga magoti, nikaweka paji la uso juu ya benchi. Nilisema, "Bwana." Mdogo wangu, hilo ndilo neno pekee nililosema. Kumbukumbu inayofuata ni mkono begani mwangu na sauti ikiniambia, taratibu sana, kwamba saa imekwisha. Nilikuwa nimelala fofofo, mate yameloanisha benchi, alama ya mbao imejichora usoni. Sikumwombea Chiriku hata sentensi moja.

Mama mjane akanigeuzia mgongo, akajifanya anakunjua mkeka. Alikuwa ananipa nafasi. Sasa najua kwamba ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Mimi niliitumia kuchukua kalamu, nikaandika jina langu kwenye mstari wa saa tisa hadi saa kumi, nikatia sahihi yangu nzuri yenye mkia mrefu. Jioni uliponiuliza, nilikwambia niliomba mpaka jasho likanitoka. Jasho lilikuwepo kweli. Ulikuwa wakati wa joto.

Zamu zilimalizika Jumapili saa nne. Chiriku akakata roho saa tano kasorobo.

Mengine unayajua, ila siku moja lazima niirudie. Wiki moja baada ya maziko mchungaji alikuja kwako na lile daftari. Alidhani litakuwa faraja kwako kuona jinsi watu walivyosimama nawe. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala nawe. Ulilifungua ukapitisha kidole mstari kwa mstari, ukaanza tena kutoka juu. Kidole chako kilipita juu ya sahihi yangu. Kisha ukalifunga, ukamrudishia mchungaji kwa mikono miwili, kwa adabu, ukasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baadaye, "Hakuna pengo hata moja. Kungekuwa na saa moja tupu, ningejua pa kuishika hasira yangu. Lakini alisikia yote, akakataa."

Mchungaji alitazama viatu vyake. Nami nilikuwa na ile saa tupu mfukoni mwangu, nikauma ulimi, nikanyamaza.

Hukukanyaga tena kanisani. Hukupiga kelele wala kututukana, hiyo si tabia yako. Nikiombea chakula wewe ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano, na nikimaliza unaniuliza kama bosi wangu hajambo. Ulipofiwa na shemeji ulimwambia mchungaji asiongeze neno, udongo unatosha. Mwaka jana ulipopasuliwa jicho, nilikwambia nitakuombea, ukasema nimwambie achukue likizo. Watu walicheka, nami nilicheka. Ndani nilikuwa naungua, maana kila mzaha uliomtupia Mungu ulikuwa unapita juu ya kichwa changu ukielekea kwa mtu mwingine.

Mara moja tu nilikaribia kusema. Miaka kama sita baadaye mama mjane alinikuta nje ya kanisa, amezeeka, ufagio umempita urefu. Akaniambia, "Mwalimu, yule dada yako anagombana na asiyehusika." Nilijifanya sikumwelewa, nikamuuliza habari za mgongo wake. Alinijibu kwamba mgongo unauma pale pale. Hakunisuta tena mpaka alipokufa, wala hakumwambia mtu yeyote.

Basi, mdogo wangu, hilo ndilo ungamo langu. Nimekwisha kujitetea mara nyingi sana kichwani: nilikuwa nimechoka, mwili ni mwili. Na hilo ni kweli, yule muuguzi amenifundisha. Sidhani kwamba Mungu alinikasirikia kwa kulala, nadhani alinifunika. Wala siamini kwamba alikuwa na daftari lake akihesabu saa, akaona moja ina pengo, akamchukua mtoto. Mungu wa namna hiyo hata mimi nisingemfagilia kanisa. Lakini pia sitakuficha kwamba ziko asubuhi ambazo siamini ninachoamini, najiuliza ingekuwaje kama ningeomba. Jibu sina, na nitaondoka bila kulipata.

Ninachokijua ni hiki. Kulala ulikuwa udhaifu. Kukataa kusaidiwa kilikuwa kiburi. Sahihi ulikuwa uongo. Lakini kunyamaza pale sebuleni kwako, nikakuacha uende peke yako miaka yote hii, ndiyo dhambi yenyewe. Nilijua kwamba nikisema, utanichukia mimi. Nilipima, nikaona afadhali umchukie Mungu. Niliona yeye ana kifua kipana, atastahimili. Na wakati huo huo niliendelea kusimama mbele ya watu nikaomba kwa sauti nzuri, na kila Jumapili nilipofumbua macho nafasi yako kwenye benchi ilikuwa wazi.

Siku hizi nimeacha kuanza na Baba Yetu. Nasema tu, "Nimechoka," halafu nanyamaza. Ni yale maneno niliyomnyima mama mjane. Nahisi kwamba yanapokelewa, na hilo ndilo linaloniumiza: kwamba mambo yangekuwa mepesi hivi tangu mwanzo. Ningependa nawe uyaseme siku moja, kwa yeyote utakayetaka. Lakini sikuandikii ili nikurudishe kanisani. Sina uso wa kukuhubiria.

Nimempa muuguzi barua hii akuletee mwenyewe siku ya Alhamisi, ili uwe na siku mbili za kufikiri kabla ya Jumamosi. Nimemwambia asisubiri jibu. Usipokuja Jumamosi nitaelewa, na usipokuja tena kabisa nitaelewa pia, ingawa nakuomba ujue kwamba katika nyumba ya wazazi wetu tumebaki mimi na wewe tu, na sauti yako ndiyo nataka iwe ya mwisho kuisikia, hata ikiwa inanitukana.

Ulitaka saa moja tupu upate pa kuishika hasira yako. Hiyo hapa. Ilikuwa yangu, Ijumaa, alasiri. Ugomvi uliomfanyia mwingine miaka thelathini na minne ulikuwa wa kwangu, na siku zangu za kuupokea ni chache. Ukija, usibishe hodi wala usiniwekee sawa mto. Vuta kiti, uniulize kwa nini, na nikisinzia katikati ya jibu, niamshe.

Nisalimie wanao wawili na wajukuu wote, na yule fundi mwenzako mnayegombania naye mkasi. Mungu, kama bado unaniruhusu kulitaja jina lake kwako, akulinde.

Ni mimi,
kaka yako, Mwalimu