Madoa Kwenye Picha ya Mifupa ya Baba Prudence

Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Nyasura, Bunda, na nakuandikia kwa sababu mume wangu, Baba Prudence, ameamua kugawa ng'ombe angali anatembea, na sijui nimzuie kwa maneno gani. Mwezi wa tatu alikutwa na saratani ya tezi dume, tukapelekwa hospitali kubwa Mwanza kupigwa picha ya mifupa, wakamchoma sindano ya dawa, tukasubiri masaa matatu huku anakunywa maji, kisha akalazwa kwenye mashine, na tulipopewa bahasha tukaambiwa turudi nayo kliniki tarehe thelathini, daktari atueleze, lakini mzee hakungoja, aliifungua tukiwa stendi, akainua ile picha juani kama alivyokuwaga anakagua pamba, maana miaka mingi alikuwa karani wa kutenga pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la chini, akaona weusi chini ya tumbo, na mgongoni, na gotini, na doa moja ubavuni kulia, akasema, "Mama Prudence, hii ni fifi. Mzigo wa namna hii haurudi daraja la kwanza."

Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za kliniki, na amewaita wazee wa ukoo waje tarehe ishirini na nane. Mdogo wake Mayala anamtania, "Kaka, unatugawia urithi na ugali unaumaliza peke yako?" lakini yeye hacheki.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ambayo hakuigusa, nikampa binti yetu Prudence, mwalimu wa sekondari, akanisomea kwamba figo na kibofu ni kawaida, goti na mgongo wa chini ni kuchakaa, ila doa la ubavu wa kulia halijaeleweka, daktari aulize kama mgonjwa aliwahi kuumia. Hapo ndipo ninapokwama, mzee wangu, kwa sababu mwaka juzi maksai wake mwenyewe, anaitwa Mheshimiwa, alimpiga pembe ubavu huohuo tukilima, akalala wiki mbili, na kwa kuwa yeye ndiye anafundishaga maksai wa watu Nyasura nzima, aliona aibu, akatangaza ameanguka na baiskeli, akaniapisha nisiseme, na hata Mwanza walipomuuliza kama aliwahi kuumia alijibu "Hapana, sijawahi," nami nipo pembeni, nimenyamaza. Je, nivunje kiapo?

Mama Prudence, Nyasura

MZEE ISAYA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari na kwa hofu. Sasa tulia nikueleze hiyo picha.

Dawa aliyochomwa hukimbilia mahali mfupa unapojikarabati, na hapo huonekana peusi. Mfupa hujikarabati kwa sababu nyingi. Saratani ni moja, goti lililochakaa ni nyingine, na mfupa uliovunjika ukaunga huweza kubaki na alama mwaka mzima au zaidi. Dawa inayobaki hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo ule weusi wa chini ya tumbo uliomtisha mumeo ni mkojo wake mwenyewe, na hata mimi nikipigwa leo utaonekana. Mwambie hivyohivyo, huenda akacheka.

Doa la ubavuni ni habari nyingine. Sisemi ni pembe, na wewe usiseme. Daktari huenda akataka kipimo kingine ndipo ajue. Lakini atajuaje ikiwa mmemficha? Hapo nakugombeza. Akiamini saratani imefika mfupani, njia ya tiba hubadilika. Mumeo anaweza kukosa tiba inayomfaa kwa sababu ya baiskeli ambayo hakuanguka nayo! Na hata ikithibitika imefika huko, dawa za kuizuia zipo, na wapo wanaoishi nazo miaka.

Kiapo usikivunje kwa mlango wa nyuma. Kesho akitoka zizini, mkalishe, mwambie: "Tarehe thelathini daktari atasikia habari za Mheshimiwa. Ukisema wewe, vizuri. Ukinyamaza, nitasema mimi, ukiwa umekaa hapohapo."

Wazee wa ukoo usiwafukuze. Waje, wale, kisha Mayala awaombe mgao usubiri majibu, na huyohuyo Mayala awasindikize Mwanza. Bahasha iende nzima, picha pamoja na karatasi.

Kuhusu aibu, mwambie mimi nimekulia Butiama nikichunga, nina kovu la pembe pajani, na ng'ombe alikuwa wa kwetu. Daktari haandiki nani fundi wa maksai. Anaandika tarehe, upande na ubavu upi.

Na huyo Mheshimiwa asiingizwe kwenye mgao wowote. Abaki zizini, kazi ya msimu ujao inamngoja, na mwenye kumshika kamba ni Baba Prudence.