Mnara wa Jikoni

Jumatatu, 12 Agosti 1974
Mume wangu, Okemwa, amefika kutoka chuo cha urubani Nairobi. Hata mtoto wetu Bosibori hakumbeba. Baada ya chai ndipo Okemwa akasema: mnara wa kuongozea ndege ulimwambia angoje kabla ya barabara ya kurukia. Akajibu, "Ndiyo, bwana" – akaingia. Ndege nyingine ilikuwa inashuka. Mwalimu ndiye aliyekanyaga breki. Jumanne ijayo anapimwa tena. Akikosea, wanamfukuza.
Wamfukuze tu. Mimi naiwazia ile iliyokuwa inashuka.

Jumanne, 13 Agosti
Nimemuuliza sheria inasemaje. Mnara ukisema, rubani anarudisha maneno yote, ili wajue amesikia nini. Anaijua. Lakini yule wa mnarani ana sauti ya mzee, anasema, mdomo unakataa. Namwelewa. Hapa Sironga nani humrudishia mzee maneno yake? Utaambiwa unamwiga. Unaitikia, unakwenda.
"Basi mimi ni mnara," nikasema. Angalau amecheka.

Alhamisi, 15 Agosti
Meno ya mtoto – sijalala. Nimekuwa mnara huku nikimenya ndizi.
"Ngoja hapo mlangoni."
"Nangoja hapa mlangoni, Mama Bosibori."
"Kata kushoto, nyuma ya kuku."
"Nakata kushoto, nyuma ya kuku."
Hakosei. Na bado sina amani. Mimi ni mke wake tu, ananijibu akicheka.
Mama mkwe, Persis, ametusikia. Tangu lini mwanawe anaamrishwa na mke, anaitikia kama mtoto wa nasari? Nikarudi kumenya ndizi.

Jumapili, 18 Agosti
Kesho anarudi Nairobi. Asubuhi nimekwenda kwa mama mkwe mwenyewe, nikamweleza yote, na ile ndege. Kisha akasema, "Niitie huyo kijana."
Wako uani sasa. Naandika mlangoni, mtoto mgongoni.
"Okemwa. Usipite hapo penye kuni mpaka nikuambie."
Ameinamisha kichwa. "Ee, Mama."
"Ee nini? Nimesema nini?"
"Mama, wewe siwezi kukurudishia–"
"Basi ile ndege imekuua. Tuanze tena." Sauti yake imetetemeka. Sijawahi kuisikia hivyo.
Nilitaka kutoka nimwokoe. Sikutoka.
Amemwambia tena, polepole. Okemwa ameinua kichwa, anamtazama mama yake usoni. Midomo imefunguka. Bado hajasema.