Vifungo vya Magurudumu ya Mbele

Gitaza, tarehe 13 Septemba 1972

Kwako Papa mpenzi,

Amahoro, Papa. Natumaini barua hii itakukuta umekaa penye hewa, mgongo umetulia, na Mama yuko karibu akikukataza kuinua vitu vizito. Sisi huku tuko wazima. Kabibi ameota meno mawili ya chini na hataki kulala, kwa hiyo na mimi silali. Ukiona mwandiko umepinda, jua nimempakata kwa mkono mmoja. Mkweo Bahizire anakusalimu sana. Salamu yake leo si ya desturi tu, utaona mbele kwa nini.

Barua yako tuliipokea kwa mkono wa Hadji, alipovuka ziwa kutoka Uvira kuja kununua ndagala, hawa samaki wetu wadogo. Unasema vile vifungo vya magurudumu ya mbele ya jipu, ambavyo Bahizire alikurudishia ndani ya gunia mwezi wa sita, umevifumua mara kumi na moja. Umeviosha kwa petroli, umehesabu meno, umebonyeza springi kwa kidole, na ubovu hujauona. Halafu unasema labda macho yako yamekwisha, na kwamba unataka kumpa jirani yako Cirhuza spana zako zote, kwa sababu fundi asiyeliona kosa lake mwenyewe aache kazi. Papa, hapo niliikunja barua, nikashindwa kuendelea.

Cirhuza usimpe kitu. Tafadhali subiri nimalize.

Mwaka wa uhuru nilikuwa na miaka kumi na miwili, na wewe ulikuwa shoferi wa bosi Marhun, ukibeba mawese yake. Siku ya sherehe alikupa jipu upeleke watu Rumonge, naye akapanda mbele na kanzu yake nyeupe. Pale mtoni mchanga ukatushika. Wanaume walitaka kushuka kusukuma, wakaangalia viatu vyao vipya, wakabaki wamekaa. Ukaniambia mimi nishuke. Ukaviweka vidole vyangu juu ya kile kifuniko cha duara katikati ya gurudumu la mbele, ukasema nikikizungusha huku kinafunga, gurudumu linashikana na injini, nikikizungusha kule kinalegea, gurudumu linakwenda bure kama la toroli. Ukasema shoferi anaweza kuvuta ile fimbo fupi ya ndani, ya kupeleka nguvu mbele, mpaka mkono umuume, lakini kama vifungo vimelegezwa, mbele hakuna nguvu. Kisha ukanituma nizunguke nifunge na upande wa pili, maana aliyefunga mmoja akasahau mwingine ni kama hakushuka.

Jipu lilitoka, watu wakapiga vigelegele. Bosi Marhun akakutania kwamba binti huyu hatapata mume, atanuka graisi. Ukamjibu kwamba atakayemtaka atamtaka na graisi yake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mgongo wako ulipokataa, Bahizire akachukua usukani na mimi nikabaki na vifungo. Kila baada ya miezi michache nilitoa zile bolti sita, nikafuta graisi ya zamani kwa kipande cha kitenge, nikapaka mpya kidogo tu, kama anavyopakwa mtoto mafuta, kwa sababu ulisema ikijazwa nyingi pini za ndani zinanata na kifungo hakishiki. Karatasi ya kuzuia maji nilikata kwenye kalenda. Wakati wa kiangazi nilimkumbusha Bahizire avifunge angalau mara moja kwa mwezi atembee kidogo, ili mafuta yafike kila mahali huko mbele. Hata mimba ya Kabibi ikiwa ya miezi saba, nilikuwa chini kando ya gurudumu. Bahizire alicheka akasema mutoto atazaliwa na spana mkononi.

Sasa nifike kwenye ule mwezi wa tano. Unajua hali ilivyokuwa Rumonge, watu walivyouawa, sitaandika yote. Bosi Marhun alituambia tuchukue jipu twende mbali na mji, tukafika hapa Gitaza kwa Lukeba, yule shoferi wa lori aliyekuwa rafiki ya Bahizire tangu utoto, na mke wake Mariyamu. Siku ya nne, Lukeba na Bahizire wakakubaliana kurudi Rumonge kuchukua mapipa ya mawese yaliyobaki kwenye depo. Bosi hakuwatuma. Bahizire alisema mali ya mtu aliyekuamini haiachwi kama takataka. Nilimwomba mara tatu asiende. Nilimwonyesha watu waliokuwa wanakuja kwa miguu kutoka kusini, maji wanayapokea bila kukutazama. Alisema atarudi kabla ya jioni.

Yaliyofuata umeyasikia kwa watu. Lori la Lukeba lilipita kile kijito cha matope mbele kidogo ya hapa. Jipu likazama. Bahizire akavuta fimbo ya ndani, magurudumu ya mbele hayakuzunguka hata kidogo. Lukeba alimsubiri, kisha akamwambia atatangulia, watakutana Rumonge. Bahizire akarudi kwangu kwa miguu, matope mpaka kiunoni, amekasirika. Lukeba hajarudi mpaka leo. Mariyamu tunaanika naye ndagala kila asubuhi, na lori likipita barabarani anainua kichwa.

Kesho yake jipu lilipochimbuliwa, Bahizire alikuta vifungo vyote viwili vimefungwa sawasawa. Kwa hiyo alisema ubovu uko ndani, kwamba wewe, mzee Kalume, ulipobadilisha springi zile ulikosea. Hakujaribu tena, alivitoa, akafunika matundu kwa bati, akavitia ndani ya gunia. Na bosi akalirudia neno hilo sokoni, na soko likakuletea mpaka Uvira.

Papa, springi zako hazina kosa. Asubuhi ile Bahizire alifunga vifungo, akaingia ndani kuvaa koti. Mimi nilikuwa uani na Kabibi mgongoni. Nilipiga magoti nikavilegeza. Haikuchukua muda wa kufunga kitenge. Na kesho yake, nilipowapelekea chakula wachimbaji, nilipangusa matope kwa kiganja, nikavifunga tena kabla hajainama kuangalia. Nilinyamaza kwa kumwogopa yeye, nikakuachia wewe aibu. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe. Kwa kumzuia mume wangu siombi msamaha. Lakini lori la Lukeba halikuwa na vifungo vya kulegeza, na uso wa Mariyamu nauona kila siku.

Barua yako ilipofika sikuweza kunyamaza tena. Jumapili baada ya misa nilimwambia Bahizire yote. Alitoka nje, akakaa kwenye bampa ya jipu mpaka chai ikapoa. Siku mbili hakusema nami ila habari za mutoto. Jana akaja jikoni, akamchukua Kabibi, akaniuliza kitu kimoja tu, kama nililegeza vyote viwili. Nikamwambia ndiyo, kuume na kushoto, kama Papa alivyonifundisha. Akageuza uso ukutani, mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua.

Jumamosi atavuka na Hadji kuja kwako. Anasema neno alilolitoa kwa kinywa atalirudisha kwa kinywa, mbele yako na mbele ya Mama, na akirudi atapitia sokoni. Mvua ziko karibu na vifungo tunavihitaji. Akifika usimwonee huruma haraka. Mwache akae chini, mpe spana, avifumue yeye mwenyewe mara ya kumi na mbili, atafute huo ubovu mpaka atosheke.

Mpe Mama shukrani zangu kwa unga aliotutumia, murakoze sana, na umwambie Kabibi ana paji lake la uso, la ukaidi. Mungu awatunze nyote, na mgongo wako pia.

Mimi binti yako,
Bora, mama Kabibi