Santuri Iliyochelewa Kufika Kaisho

Tata,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, binti yako Koku. Nimekaa barazani, ukungu bado umelala juu ya migomba na sioni hata banda la mbuzi. Asubuhi za namna hii huwa naona kama umetoka kidogo tu, umekwenda kutazama kahawa, na utarudi umelowa magoti ukidai uji. Na kukuandikia ni kichekesho, maana barua zako zote nilikuwa nakusomea mimi. Labda huko wamekufundisha.

Gramafoni ipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakaloniuliza kwanza, kabla hata hujamuulizia Mama. Ipo, lakini ilibaki kidogo tu iondoke.

Tangu tukuzike haikuguswa. Mama aliifunika kwa kanga akaisukuma uvunguni. Jumapili zikawa ndefu, Tata, ndefu mno. Nikilala mchana naota nazungusha ule mkono wake, nazungusha, nazungusha, na wewe umesimama uani na fimbo yako, mdomo wazi, wala hutoi sauti. Naamka bega linaniuma.

Watu wakitoka misa walikuwa wanapitia kwetu, unakumbuka? Mama anagawa kahawa ya kutafuna, mimi nazungusha mkono wa gramafoni, santuri inalia mpaka inakwisha. Basi hapo hakuna aliyethubutu kusema neno. Unasimama, unanyoosha fimbo mbele kama wazee wanapokwebuga mbele ya mfalme, Omukama, wakijisifia vita vyao, ila wewe unasifia santuri. Yule mpiga gitaa wa Kongo ulisema vidole vyake vinatembea kama bibi aliyebeba kibuyu cha pombe ya rubisi kwenye utelezi, na tone halimwagiki. Yule mwingine, maskini, ulisema anaimba kama mtu aliyekalia siafu mbele ya Padri. Watu wa Kaisho hawakununua santuri mpaka wasikie umeipa mfano gani. Mama alikuwa akisonya jikoni: "Mume wangu hawezi kusema chai ni ya moto, lazima aite jua lije kushuhudia!"

Na yule mzee, Ta Rutahiwa wa Songambele, loo! Ulisema sauti ya yule dada wa pwani ni tamu kiasi kwamba ng'ombe aliyemkataa ndama wake angeisikia angeshusha maziwa. Wote tukacheka. Yeye akaenda kwake anawaza, maana ng'ombe wake Bihogo alikuwa amemkataa ndama kweli. Kesho yake akaja kuazima gramafoni. Tuliibeba mpaka zizini, nikazungusha, dada wa pwani akaanza kuimba, Bihogo akasikiliza kidogo, halafu akapiga teke ambalo alama yake iko kwenye honi ya gramafoni mpaka leo. Nilidhani utapasuka kwa hasira. Wewe ukaipapasa honi, ukasema, "Huyu ana masikio. Mwingine angeendelea kula majani." Ta Rutahiwa anaapa kwamba jioni ile alikamua.

Lakini mwenyewe, Tata, tuseme kweli, Mungu hakukupa sauti. Ulipoita mbuzi jioni, majirani walikuwa wanafunga madirisha. Mbuzi tu ndio waliokupenda, wanakuja mbio.

Basi, siku ya kuondoa matanga Baba Mdogo alikuja kutoka Chonyonyo na mtu wa kumbebea mzigo. Akasema gramafoni iende kwake, kwani hapa hakuna tena wa kuisemea. Mama akasema akipatikana wa kuisemea itabaki, asipopatikana aichukue. Nilikuwa nimekupoteza wewe, na sasa na Jumapili zenyewe zinabebwa.

Siku hiyohiyo mfanyabiashara wa Bukoba alikuwa ameileta santuri yako. Ile uliyoagiza bila kuisikia, ukaisifia miezi yote ile kabla haijafika. Nikaitoa gramafoni uvunguni, nikabadilisha sindano, nikazungusha.

Tata, ni mbaya! Ni mbaya kabisa. Mzee mmoja, sauti imepasuka katikati, anaanza juu asikoweza kufika, anashuka na kikohozi. Watu wakatazama chini. Ilipokwisha nikasimama. Baba Mdogo akaniambia nikae, mwanamke hakwebugi. Nikachukua fimbo yako. Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa, milima, radi, ziwa lote la Bukoba, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema lile moja lililobaki: "Huyu anaimba kama Tata akiita mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Nikajua nimeharibu, nimekuaibisha matangani kwako mwenyewe.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Akasema, "Rudisha sindano mwanzo."

Nikairudisha. Akaja akakaa chini karibu na honi, upande ule uliobonyea, akafumba macho. Tukaisikiliza yote. Akasema tena nirudishe. Baba Mdogo alimtazama, kisha akamwambia yule mtu wake akatafute mkungu wa ndizi wa kubeba badala ya gramafoni.

Kwa hiyo Jumapili zimerudi. Nasimama na fimbo, nasema ninachoweza. Wengine wananong'ona kuhusu mwanamke kukwebuga, lakini wanakuja, na kahawa wanatafuna. Sijafika kiwango chako. Mifano yangu bado ni midogo, ila naahidi nitaikuza. Na santuri yako nitaipiga ya mwisho kila Jumapili mpaka iishe mistari.

Lala salama, Tata wangu. Jua linatoka sasa, banda naliona. Nilitaka kukwambia hili nikasahau. Wiki iliyopita Ta Rutahiwa aliniomba niipige tena santuri yako, na mbuzi wetu walikuwa wanakula kule bondeni. Yule mzee wako wa kwenye santuri alipoanza kuimba waliinua vichwa, Tata. Halafu wakaja mbio.

Mwanao,
Koku